Wanafunzi Waje Kujifunza Kwetu: Makala, Maharagi na Miradi ya Vijana wa Vyuo vya Goma

Hotuba kwa viongozi wa familia zilizohama vita na familia zilizozipokea, Goma, Kivu ya Kaskazini

  Tunajua wengine mmetoka Kanyaruchinya na Buhene kwa miguu, na siku ya mkutano ni siku ya kukosa kibarua.

Tumeombwa tuzungumze juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu na miradi ya mazingira wanayoibuni na kuiongoza wenyewe. Mzee mmoja alituuliza pale mlangoni: "Hao wanafunzi wanatuhusu nini sisi tuliopoteza mashamba?" Tunamshukuru. Swali lake ndilo tutakalojaribu kulijibu leo.

Goma ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Goma, tunachokiita UNIGOM, kilianza mwaka 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, kikapata kujitegemea mwaka 2004. ULPGL, chuo cha Waprotestanti, kipo tangu 1985. Kuna ISTA kwa mambo ya ufundi, kuna ISDR kwa maendeleo ya vijijini, na vingine vingi. Lakini kwa miaka mingi namna ya kusoma ilikuwa moja. Mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika. Mwanafunzi ananunua silabusi, anaikariri, anafanya mtihani, anaisahau. Mwishoni anaandika kazi yake ya kumaliza masomo, inatetewa mbele ya walimu, inapigwa jalada zuri, inawekwa katika kabati la maktaba. Wengi wenu mmekwisha kuulizwa maswali kwa ajili ya kabati hilo. Kijana anakuja na karatasi, anauliza mnakula mara ngapi kwa siku, anaandika, anaaga kwa heshima, hamumwoni tena.

Siku hizi kuna njia nyingine. Vijana kumi au wanane wa masomo mbalimbali wanakaa pamoja, wanachagua tatizo moja la mji, wanatafuta namna ya kulipunguza, wanajaribu, wanapima, kisha wanaendelea au wanaacha. Mwalimu yupo, ila yuko kama mzee wa pembeni: anaulizwa shauri, haamuru. Fedha ni chache sana, mara nyingi ni mchango wao wenyewe. Sisi kazi yetu imekuwa kuwasindikiza hadi kwenu na kukaa kati yenu na wao mambo yanapogongana. Na yanagongana.

Mazingira tunayoyasema hapa si yale ya gorila na watalii wanaolipa dola. Ni kile kinachopika chakula, ni maji ya bidoni, ni takataka za sokoni, ni hewa unayoivuta ukiwa umelala. Na tukisema mradi ni endelevu tunaulizia jambo moja tu: wanafunzi wakishaondoka, kuna kinachobaki?

Tuchukue makala.

Wazee mnakumbuka Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu katika siku chache. Kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga zilikaa ubavuni mwa Hifadhi ya Virunga, na kila siku makumi ya maelfu ya watu waliingia msituni kutafuta kuni. Makovu ya ukataji ule yalionekana kwa miaka mingi. Kisha ikaja zamu yetu. Tangu vita viliporudi Rutshuru mwishoni mwa 2021, na hasa kuanzia 2022, ndugu zetu kutoka Rutshuru, Nyiragongo na Masisi walijenga vibanda vya mashitingi kuanzia Kanyaruchinya hadi Bulengo, Lushagala na Rusayo. Mgao ukija, unakuja na unga na maharagi. Haukuja na kuni. Basi mama akashika njia ya msituni.

Yaliyompata huko mnayajua kuliko sisi. Mwaka 2023 madaktari wa MSF walieleza wazi kwamba wanawake wengi waliotibiwa kwa ubakaji katika kambi za kando ya Goma walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Kwa hiyo tukizungumzia jiko tunazungumzia usalama wa mama na wa binti yake. Tena tunazungumzia ujirani mwema, kwa sababu asiyekwenda msituni alikata mkaratusi wa mwenyeji, na mwenyeji naye alikuwa ameupanda mkaratusi ule kwa ajili ya karo ya watoto. Katika vikao vya usuluhishi tulivyoongoza kabla ya 2025, mti uliokatwa usiku ulitajwa mara nyingi kuliko kabila.

Kikundi kimoja cha wanafunzi kilichagua tatizo hilo. Wazo lao lilikuwa rahisi. Kila mahali Goma panapouzwa makala, chini ya magunia hubaki vumbi jeusi ambalo muuzaji hulifagia na kulitupa. Walitaka kulikusanya, kulichanganya na kitu cha kulishikanisha, kulifinyanga vitonge, kuvikausha juani na kuvichoma badala ya makala. Wazo si geni. Hata katika Hifadhi ya Virunga briketi zilijaribiwa miaka mingi iliyopita. Lakini kwao lilikuwa jipya, kwa sababu walilifikia wenyewe kwa kutazama vumbi.

Kitabu kiliwaambia kishikizo kizuri ni wanga wa muhogo. Wakanunua unga, wakapika uji mzito, wakaumwaga katika vumbi mbele ya wamama wa kambi ili kuwaonyesha. Mama mmoja akasimama, akauliza: "Mnachoma unga?" Akachukua mtoto wake, akaondoka, na wengine wakamfuata. Mafunzo yakaisha kabla ya saa nne.

Tuseme ukweli, hapo ndipo chuo kilipoanza. Wanafunzi wale walikuwa wamepata alama nzuri katika kemia. Wanga unashikanisha, hilo ni kweli. Lakini hakuna mtihani uliowahi kuwauliza kishikizo hicho kinaliwa na nani. Waliporudi wiki iliyofuata hawakuleta maonyesho. Walileta swali: tutumie nini kisicholiwa? Mama yuleyule ndiye aliyewaambia wajaribu udongo, kama anavyofanya akiziba ufa wa mbabula. Mwingine akasema katoni za misaada zikilowekwa siku mbili zinakuwa uji.

Udongo ukaleta shida yake. Goma imekaa juu ya jiwe. Mlima Nyiragongo ulimwaga lava mjini Januari 2002, na Mei 2021 lava ikashuka tena hadi Buhene. Mahali pengi huwezi kuchimba hata shimo la choo, seuze kupata udongo wa kufinyanga. Udongo lazima uletwe kwa chukudu kutoka mbali, na chukudu inalipwa. Vijana wa uchumi katika kikundi wakafanya hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyewapa: udongo mwingi ni gharama na majivu mengi, udongo kidogo ni kitonge kinachovunjika mkononi. Walijaribu vipimo vingi, kila kimoja wakakipikia sufuria ya maharagi, na mwenye saa alikuwa mama wa nyumba, si mwanafunzi. Mwishowe walielewana kuwa vitonge vile haviwaki haraka. Ukitaka chai ya asubuhi utakasirika. Ila vikishika moto vinakaa, na maharagi yanataka moto wa kukaa.

Maharagi nayo yakawa somo. Mwanafunzi wa lishe alifundisha kwamba maharagi yakilowekwa usiku kucha huiva upesi zaidi. Ni kweli. Wamama wakamjibu kwamba wanajua, hata bibi zao walijua. Lakini sufuria ikilala nje inaibwa, na ikilala ndani inapigwa teke na watoto sita wanaolala katika kibanda kimoja. Wakatafuta njia ya katikati: kuchemsha maharagi, kisha kuifunika sufuria katika kapu lililojazwa matambara, imalizikie humo kwa joto lake bila moto. Kapu hilo si uvumbuzi wa Goma, linajulikana nchi nyingi. Kilichokuwa cha Goma ni kushona mfuko wake kwa mabaki ya shitingi.

Jambo moja hapa hatulipunguzi uzito. Vitonge vya makala, kama makala yenyewe, hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Mbabula isiingizwe kamwe katika kibanda kilichofungwa, hata kwa baridi, hata kwa mvua. Wanafunzi walirudia neno hili katika kila kikao na sisi tunalirudia leo.

Halafu ukaja ugomvi. Vumbi lilipokuwa takataka, halikuwa na mwenyewe. Lilipoanza kupika chakula likapata mwenyewe na likapata bei. Wauza makala, ambao wengi wao ni wamama wenyeji wa mji, walikataa kulitoa bure. Wamama wa kambi wakasema wenyeji wanawauzia uchafu. Maneno yakawa makali, yakaingia yale ya "ninyi mliokuja" na "ninyi mliotupokea kwa unafiki". Wanafunzi walitaka kukimbia. Walikuja kuchora jiko, na sasa walikuwa katikati ya mgogoro wa makundi mawili. Tuliwashauri wabaki na wasiseme mengi. Vikao vilikuwa vitatu. Waliafikiana kwamba vumbi lipimwe kwa ndoo, lichekechwe na muuzaji mwenyewe, bei iwe moja kwa wote, na kila kikundi cha kufinyanga kiwe na wenyeji ndani yake. Bei hiyo haikumfurahisha mtu. Lakini ilishika, na mikono ya wenyeji na ya waliohama ikawa myeusi katika beseni moja.

Tunalisema hili kwa urefu kwa sababu wapo wanaodhani amani hujengwa kwa semina za amani peke yake. Semina tumezifanya, tutaendelea kuzifanya. Lakini bei ya ndoo ya vumbi iliwakutanisha watu ambao mwaliko wetu wa barua haukuwakutanisha.

Wenzetu wa Kenya walipita njia kama hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilitengenezwa kule jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, wazo lililochukuliwa kutoka majiko ya Thailand na kurekebishwa na mafundi wa mtaani na wamama wanaopika. Lilipunguza sana matumizi ya makala, likaenea Afrika Mashariki, na majiko mengi yanayouzwa sokoni Goma yanafanana nalo. Na Wangari Maathai, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977 baada ya kuwasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza kwamba kuni ziko mbali, maji ni machafu na chakula hakitoshi. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Tuzo hiyo ilikuwa ya amani, ingawa alipanda miti. Waliompa walielewa jambo ambalo ninyi mnalielewa bila tuzo.

Kuna mradi mwingine ambao hatutaki uupite mkutano huu, nao ni wa mazuku. Mliokaa Bulengo, Lac Vert, Mugunga au Keshero mnajua upepo huo mbaya: hewa nzito inayotoka ardhini kwa sababu ya volkeno, haionekani, hainuki, inajaa mabondeni na mashimoni hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Inaua mbuzi, inaua ndege, na inaua mtoto kabla ya mtu mzima kwa sababu mtoto yuko karibu na ardhi. Wakati kambi zinajengwa kwa haraka, mgeni aliyetoka Masisi angejuaje kwamba kishimo kile kizuri, chenye kukinga upepo, ndicho kaburi? Wanafunzi waliochagua tatizo hilo hawakuanza na vyombo. Walianza na wazee wenyeji, wakatembea nao wakiwauliza: mbuzi wenu walifia wapi? Taa ilizimika wapi yenyewe? Wakaweka alama kwa mawe yaliyopakwa rangi, kisha wakapeleka majina ya mahali hapo kwa wataalamu wa volkeno. Mwenyeji aliyekuwa akilalamika kwamba wakimbizi wamejaza ardhi yake akajikuta ndiye mwalimu wao. Mradi huo ulikuwa mdogo kuliko yote na pengine ndio uliookoa zaidi.

Bustani za magunia mmeziona, hatutasema mengi. Lengalenga na vitunguu huota vizuri katika gunia penye jiwe la lava, mradi maji ya kunawia hayamwagwi ovyo. Kuhusu sashe za plastiki, serikali ilizipiga marufuku kwa amri ya Desemba 2017, na bado zinaziba mitaro yetu. Kule Bukavu plastiki zinazosombwa na ziwa husumbua mitambo ya umeme ya Ruzizi. Wanafunzi wengi huchagua plastiki kwa sababu ni rahisi kupiga picha siku ya usafi. Maoni yetu ni kwamba siku ya usafi si mradi. Wakija kwenu na mifagio na kamera, waulizeni takataka zitakwenda wapi jioni.

Sasa tufike kwenye mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari vita vikaingia mjini. Februari kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Mashitingi yakakunjwa, matangi ya maji yakabaki peke yake, mengine yakaharibiwa. Wengine mlirudi mkakuta nyumba hakuna, mkaja tena kukaa kwa ndugu, makanisani, au katika chumba kimoja cha kupanga. Wanafunzi nao walitawanyika. Wapo waliopoteza wazazi, wapo walioacha masomo kwa kukosa karo. Mabeseni ya kufinyangia, chekeche, meza za kukaushia, vyote vilipotea.

Tulipoanza tena kuwatembelea katika kata, hatukutafuta mradi. Tulitafuta watu. Tukakuta mama mmoja ambaye hakuwahi kuandikwa kuwa mkufunzi akifinyanga vitonge katika ua wa familia iliyompokea, na mwenye nyumba akivianika. Hakutumia kipimo cha wanafunzi. Alikuwa amekibadilisha, kwa sababu mahali alipo sasa udongo ni mwekundu zaidi na unashika vizuri. Hatuwezi kuwaambia ni wangapi kama yeye. Tunachosema ni hiki: jiko lililogawiwa bure lilibaki chini ya shitingi, na kile mama alichokijaribu kwa mkono wake alikibeba bila mzigo.

Ndiyo maana tunawaomba ninyi viongozi mwapokee wanafunzi hawa, lakini mwapokee kama wanafunzi. Wasije kama wafadhili. Wakiingia, msiwaandikie orodha ya walengwa, maana orodha ikiandikwa watu watangoja mgao na kijana hana mgao wa kutoa. Baadaye yeye ataitwa mwongo na wewe kiongozi utaitwa mwizi. Waambieni tatizo lenu kwa jina lake. Wakipendekeza jambo lililowahi kushindwa, waambieni lilishindwaje. Msiwahurumie kwa kunyamaza. Mama aliyeuliza "mnachoma unga?" aliwafundisha zaidi ya muhula mzima.

Waulizeni pia nani atakaa baada yao, kwa sababu mwanafunzi ana mwaka mmoja au miwili, kisha anaondoka. Tangu siku ya kwanza wawepo watu wenu wawili au watatu, mwanamke akiwa mmojawapo na mwenyeji akiwa mmojawapo, wanaojua kila hatua. Na wakishapima, matokeo yarudi kwenu kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti, hata kama ni kusema jambo halikufaulu. Hilo tumelikubaliana na vikundi vyote tunavyovisindikiza: kazi ya chuo iandikwe kwa Kifaransa kama sheria ya chuo inavyotaka, lakini kabla haijaingia kabatini isomwe uani. Picha ya mtu isipigwe bila ruhusa yake. Jina la mama aliyepatwa na mabaya njiani lisiandikwe popote.

Na ninyi vijana wa kule nyuma, tumeona baadhi yenu mna madaftari. Wapo kati yenu waliokuwa mwaka wa pili wa chuo vita vilipoanza, na leo wanaitwa tu wakimbizi. Vikundi hivi havidai kadi ya chuo ya mwaka huu. Aliyesoma kemia Rutshuru na aliyesoma UNIGOM wanaweza kushika beseni moja.

Karatasi yenye majina ya kata iko kwa mwenzetu pale mlangoni. Kila kamati iandike tatizo moja tu, lile linaloleta ugomvi zaidi nyumbani au na jirani, liwe la maji, la moto, la taka au la ardhi. Wasiojua kuandika wamwambie, ataandika kwa maneno yao. Wanafunzi watazisoma karatasi hizo kabla ya kuchagua watakakokwenda, na jibu, hata likiwa la kukataa, tutalileta wenyewe katika kila kata.

Sasa ni wakati wa maswali. Tuanze na wamama walioketi karibu na mlango, maana wametuambia wanataka kuwahi foleni ya maji.